Kwa nini dhahabu hupatikana kwenye kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) na pia kwenye mchanga wa mto?

Umeuliza kama hizo ni dhahabu mbili tofauti. Hapana, mara nyingi ni ileile, ila moja imesafiri. Chini sana ardhini, maji ya moto ya nyuzijoto 200 hadi 400 hivi hubeba silika (madini yanayounda kwatzi) na dhahabu kidogo mno iliyoshikana na salfa. Yakipanda kwenye nyufa, hasa tetemeko linapoupasua mwamba na mgandamizo kushuka ghafla, hayawezi tena kubeba mzigo wote. Silika inaganda kuwa kwatzi, dhahabu inanasa humohumo. Ndiyo ile mishipa myeupe inayoonekana mwambani.

Mvua na mito huula mwamba huo kwa mamilioni ya miaka. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwatzi haifiki hata mara 3, kwa hiyo mkondo ukipungua kasi kwenye kona ya mto dhahabu inazama kwanza. California mwaka 1848 wachimbaji walianza na mchanga wa mtoni. Mishipa yenyewe wakaifuata baadaye huko milimani. Asili ya dhahabu ya Witwatersrand, eneo la migodi huko Afrika Kusini, bado inabishaniwa, ingawa mimi naegemea upande wa wanaosema ilitoka kwenye mchanga wa mito ya kale uliogeuka mwamba.