Kabla hujachoma kigingi cha mwani, hesabu mwezi

Mgeni wa kilimo cha mwani utamjua kwa saa yake. Jana tuliteremka pwani saa tatu asubuhi, basi na leo saa tatu yupo, kasimama mchangani anasubiri. Bahari haina habari na saa tatu. Maji huchelewa kila siku, kwa wastani dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake, mwezi nao umeshasogea mbele, na dunia inabidi izunguke kidogo zaidi kuufikia.

Huku mashariki ya Unguja, Paje hadi Jambiani, kazi ya shamba ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Shika tarehe za Kiislamu, zitakufaa kuliko kalenda ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye maji hupwa sana, mnamo saa nne asubuhi. Unaingia yakiwa bado yanatoka, unatoka yakianza kurudi. Wiki moja mbele, mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi kule. Ndiyo maji mafu. Kupwa kumehamia saa kumi, na hata hapo maji hayaendi mbali. Siku hizo kaa nyumbani ufunge taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mwani, kwenye kamba, ukawaone na wagonjwa.

Mimi nilianza mwezi wa Machi. Maji yalipwa mpaka nikaona eneo zuri mno kule mbele, mchanga mweupe, halina mwenyewe. Nikasema wenzangu wavivu wa kutembea. Nikachoma vigingi, nikafunga kamba thelathini. Bamvua la pili yake maji yakanifika kifuani, na lililofuata vilevile. Mwani upo, naukanyaga kwa miguu, kuufungua siwezi! Kumbe mabamvua hayalingani. Ya Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, hupwa kuliko mengine. Tena mwezi hauzunguki kwa duara kamili. Kuna siku unakuwa karibu zaidi na dunia, na zikiangukia bamvua, maji hutoka kupita kiasi. Ndiyo maana lile eneo halikuwa na mwenyewe. Shamba lipime kwa bamvua dogo.

Upepo nao una hesabu yake. Kusi ikivuma, mawimbi yanaruka mwamba na kukata kamba, lakini maji yana ubaridi na yanatembea, mwani unanenepa. Kaskazi ni raha kwa anayeanika. Shambani ni balaa: maji machache yanakaa juani mpaka miguu inayakataa, na mwani aina ya kotonii ndiyo wa kwanza kupauka na kukatika. Aina ya pili, spinosamu, huvumilia zaidi. Ukiona matawi yanaanza weupe, usingoje zitimie wiki sita za kukua, vuna kilichobaki. Masika, turubai lisikae mbali na mwani ulioanikwa. Ukinyeshewa nusu mkavu, mnunuzi ataupa kisogo.

Mbegu zako za kwanza zifunge bamvua likianza, si likiisha, upate siku nne tano za kurudi kukaza kamba zilizolegea kabla maji mafu hayajakufungia njia.