Baba mstaafu wa jeshi: hospitali ya serikali au ya binafsi?

SWALI: Mhariri, baba yetu ni askari mstaafu aliyepigana Vita vya Kagera, na sasa ana kisukari na presha. Kaka anashikilia kwamba aendelee na hospitali ya serikali, kwa kuwa amesoma kwamba huko Marekani askari wastaafu hupona zaidi wakitibiwa na serikali. Dada anataka ahamie hospitali ya binafsi iliyo jirani nasi, ambako hakuna foleni. Yupi yuko sahihi? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu msomaji, alichosoma kaka yako kipo, ila hakiwezi kuhamishiwa Dar es Salaam kama kilivyo. Marekani ina wizara maalumu ya wanajeshi wastaafu yenye hospitali zake zipatazo 170. Mwaka 2014 ilibainika kwamba katika kituo chake cha Phoenix wagonjwa walikuwa wakifichwa katika orodha za siri ili ionekane hakuna anayesubiri muda mrefu. Waziri, Eric Shinseki, akajiuzulu. Sheria ya mwaka 2018 ikapanua njia ya kutibiwa nje ya hospitali za wizara, kwa gharama ya wizara hiyo, na kanuni zilizoanza kutumika 2019 zinamruhusu mstaafu kwenda huko iwapo atasubiri zaidi ya siku 20 kumwona daktari wa kawaida, au 28 kumwona bingwa.

Wengi walidhani kwamba huko nje ndiko kwenye tiba bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliofuatilia wastaafu waliobebwa na magari ya wagonjwa kati ya 2001 na 2018, ulionyesha kinyume chake: baada ya kuzingatia tofauti za wagonjwa wenyewe, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa takriban 9 katika kila 100 kwenye hospitali za wizara, na karibu 12 kwenye hospitali nyingine. Foleni ndefu ni kero ya kweli, lakini haitoshi kupimia tiba.

Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa wa wizara ana kumbukumbu moja ya kompyuta inayosomeka katika vituo vyake vyote, na hili, kwa maoni yangu, ndilo linalomhusu baba yenu kuliko suala la nani anamiliki jengo. Kwetu hakuna mtandao wa hospitali za wastaafu peke yao. Lugalo ni hospitali ya jeshi, lakini inapokea raia pia, na mstaafu anayekwenda Amana au Muhimbili anapanga foleni pamoja na wananchi wengine. Hospitali za binafsi nazo hazilingani, hata zikiwa mtaa mmoja.

Kabla ya kuendelea kubishana, mwombeni mzee atoe dawa zake zote, zikiwemo zilizosahaulika kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Anayetibiwa sehemu mbili huweza kukutwa na amlodipini, dawa ya presha, katika maboksi mawili yenye majina tofauti ya biashara, moja kutoka kila hospitali, akameza yote mawili bila daktari yeyote kujua. Asiache dawa kwa uamuzi wa nyumbani. Pelekeni maboksi yote kwa daktari wake. Hapo ndipo mtakapoilinganisha hospitali yake na ile ya jirani: je, anaonwa na daktari aliyesoma faili lake, miguu yake inakaguliwa, figo zinapimwa walau mara moja kwa mwaka, dawa zinapatikana dirishani au anaelekezwa kununua nje? Ikiwa majibu ya hospitali ya sasa yanaridhisha, sioni sababu ya kumhamisha.

Dada yako ana haki katika jambo moja. Sukari ikishuka usiku wa manane na mzee akaanza kutetemeka na kuchanganyikiwa, mpeni kinywaji chenye sukari iwapo anaweza kumeza, kisha mkimbizeni kwenye kituo cha karibu kinachofanya kazi saa 24, kiwe cha serikali au cha binafsi. Kabla ya kuondoka huko, ombeni maelezo ya maandishi ya vipimo na dawa alizopewa, na myapeleke kliniki yake ya kawaida bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.