Kahawa ya uyoga inaponya kisukari kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Mama yangu ana kisukari na presha, anameza metformin na vidonge vya presha. Sasa jirani kaingia kwenye hizi biashara za mtandao, kamletea kahawa ya uyoga wa Ganoderma, anasema Wachina wameitumia tangu enzi na inaponya sukari, presha mpaka kansa. Mama anataka kuacha vidonge. Hivi ni kweli au tunapigwa? – Binti, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama asiache dawa, hilo tulimalize kabisa kwanza.

Uyoga kuwa na dawa sio uongo mtupu. Huo Ganoderma Wachina wanauita lingzhi na kweli ni wa zamani sana, na Japani kulikuwa na dawa zilizotokana na uyoga wa aina nyingine, kama PSK na lentinan, ziliruhusiwa miaka ya 1970 na 1980 kwa wagonjwa wa kansa, ila walikuwa wanapewa pamoja na matibabu ya hospitali, sio badala yake, hapo ndo wauzaji huwa wanaruka. Kwenye sukari ndo hamna kitu: watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, walipitia majaribio ya Ganoderma kwa wenye kisukari aina ya pili, ripoti ikatoka 2015, majaribio yenyewe machache na hayakuonyesha kwamba inafaa kama tiba.

Halafu hebu geuza hiyo pakti usome nyuma. Nyingi ya hizi kahawa za kumwagia maji ya moto tu zina sukari na krima humo humo, na kikitajwa kitu mwanzoni mwa orodha ya viungo ujue ndo kimejaa zaidi, sasa mgonjwa wa kisukari anakunywa sukari kwa jina la dawa, jamani! Na kama anameza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini aongee na daktari kabla ya kugusa Ganoderma, inaweza kumuongezea hatari ya kutokwa damu.

Anapenda uyoga? Mnunulie uyoga wa mamama (oyster) wa sokoni, una protini na nyuzinyuzi, wanga kidogo. Ukate vipande uanike juani kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kupika, jua linaufanya utengeneze vitamini D, alafu kaanga na kitunguu na nyanya, mafuta kidogo na chumvi kidogo zaidi maana ana presha. Kahawa anywe ya kawaida bila sukari, huko kwenu si mnalima wenyewe.