Uliza Mwalimu wa Fizikia: Sekunde ya mraba, kilo za bucha na bolti ya injini

Barua nyingi za safari hii zinahusu vipimo. Nimechagua nne, na nyingine nimezifupisha ili zienee.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Rau, Moshi. Kwenye Fizikia tunaandika mchapuko kwa m/s². Mita ya mraba naielewa, ni eneo, hata shamba la babu limepimwa hivyo. Sekunde ya mraba ndiyo nini? Nimeuliza darasani wenzangu wakacheka, wakasema nikariri tu. (Mwanafunzi, Rau)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waliocheka nao hawajui, ndiyo maana wakacheka. Sekunde ya mraba haipo, usihangaike kuitafuta. Zipo sekunde mbili, kila moja na kazi yake, na kwenye maandishi zimebanwa pamoja ili kuokoa wino.

Siku ukipanda Kosta ya Arusha, omba kiti cha mbele pembeni ya dereva. Mimi hicho kiti nakigombania hadi leo, uzee haujanitoa. Gari likishapakia abiria njia panda ya Machame, dereva akiondoka, tazama mshale wa spidi. Uko sifuri. Hesabu sekunde kimoyomoyo: moja, mshale uko 5, mbili, uko 10, tatu, 15. Ukifika kumi, uko 50. Najua hautapanda kwa utaratibu hivyo. Kila akibadilisha gia unasita, na dereva mwenye mguu mzito kwenye klachi anawatikisa abiria vichwa wote kwa pamoja. Lakini tuchukue wastani. Mtu akikuuliza gari lilichapuka kiasi gani, utamjibu: lilikuwa linaongeza kilomita 5 kwa saa, kila sekunde.

Hapo muda umeutaja mara mbili na hukushangaa. Saa imetumika kupima mwendo wenyewe. Sekunde imetumika kupima mwendo huo unabadilika upesi kiasi gani. Sasa geuza ile saa iwe sekunde. Kilomita 5 kwa saa ni mita 5,000 kwa sekunde 3,600, yaani mita 1.39 kwa sekunde. Kwa hiyo Kosta yetu ina mchapuko wa mita 1.39 kwa sekunde, kila sekunde. Umegawanya kwa sekunde, halafu ukagawanya tena kwa sekunde, na kwenye aljebra kugawanya mara mbili kwa kitu kilekile kunaandikwa s². Hakuna siri nyingine.

Ile 9.8 mnayoimba darasani, mchapuko wa mvuto wa dunia ambao vitabu vinauandika g, ni habari hiyohiyo. Parachichi likichomoka kwenye tawi lililo mita 5 juu, dunia inaliongezea mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Linatua baada ya sekunde moja hivi, likiwa na mwendo wa kilomita 35 kwa saa, yaani mwendo wa bodaboda mtaani. Bibi anayewafukuza wajukuu chini ya mparachichi siku ya upepo anajua Fizikia, ingawa hajawahi kuandika g.

Ukishaushika mchapuko, kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inakuja yenyewe. Nyutoni 1 ni kani inayotosha kukipa kitu cha kilo 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Ndiyo maana nyutoni ukiifumua unakuta kg·m/s². Tufanye hesabu ya kwako, maana mitihani inapenda vigari vya mbao na mimi napenda mabasi. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, sawa na mita 22.2 kwa sekunde. Dereva anakanyaga breki, linasimama kwa sekunde 4. Kila sekunde limepoteza mita 5.6 kwa sekunde. Kama una kilo 50, kani ya kukusimamisha wewe ni 50 mara 5.6, nyutoni 280 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 28. Ukishika vizuri bomba la kiti cha mbele, unaweza.

Sasa basi hilohilo ligonge kitu, lisimame kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchapuko ni mita 222 kwa sekunde kila sekunde, na kani ya kukuzuia wewe inapanda mpaka nyutoni 11,000 na ushee, uzito wa zaidi ya tani moja. Mikono yako haitaweza, wala ya baba yako aliyekuambia "nitakushika". Funga mkanda, na kama kiti hakina mkanda, hama kiti.

Jambo moja la mtihani. Usiandike vizio, yaani hizo m, kg na s, mwishoni peke yake kama pambo. Viandike kila mstari, navyo vigawanywe na kuzidishwa pamoja na namba. Umeulizwa kani, ukapata kg·m/s, basi umesahau kugawanya kwa muda, na ulichokipata ni momenta, yaani kilo mara mwendo. Msahihishaji hajakuona bado, kizio kimeshakuona.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Nina bucha Majengo. Kijana mmoja wa chuo amenitia aibu mbele ya wateja. Anasema mizani yangu ya kuning'iniza haipimi kilo, inapima nyutoni, kwa hiyo nawadanganya watu. Akaongeza kwamba nikihamishia bucha Marangu, nyama ileile itaonyesha kilo pungufu. Ana ukweli? (Muuza nyama, Moshi)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kijana ana ukweli wa kitabuni, ila hajafanya hesabu, na mtu wa namna hiyo ndiye anayechosha dukani.

Iangalie mizani yako kwa karibu. Juu kuna ndoano, chini kuna ndoano, katikati kwenye kasha kuna springi. Nyama inavutwa na dunia, springi inarefuka, mshale unazunguka. Kinachoivuta springi ni kani, na kani kweli ni nyutoni. Kilo ni kiasi cha nyama yenyewe, kile ambacho shuleni tunakiita tungamo, na hakibadiliki hata ukiipeleka nyama mwezini. Lakini uso wa mizani umechapwa kwa kilo kwa sababu aliyeirekebisha alining'iniza mawe ya kilo inayojulikana, akaangalia mshale unaposimama, akaweka alama hapo. Ikirekebishwa hapa Moshi, inasema kweli hapa Moshi.

Mvuto wa dunia haulingani kila mahali. Kwenye ncha za dunia ni karibu 9.83, kwetu huku karibu na ikweta ni kama 9.78, na ukipanda juu unapungua tena kidogo. Mizani ya springi iliyorekebishwa London, ambako ni 9.81, ukiitundika kwako bila kuigusa itasoma pungufu kama gramu 3 na nusu kwa kila kilo. Hapo anayepunjika ni wewe, mteja anapata nyongeza. Kutoka Majengo hadi Marangu tofauti haifiki hata nusu gramu kwa kilo. Hata ukifungua bucha kileleni Kibo, mita 5,895, kule ambako wateja ni wazungu wanaotweta, kilo moja ya nyama haitapoteza gramu 2. Mstari mmoja kwenye uso wa mizani yako una gramu ngapi? Nyingi kuliko hizo zote. Mshale wako hauna macho ya kuona Marangu.

Ile mizani ya zamani ya mikono miwili, jiwe huku na bidhaa kule, haina tatizo hili kabisa. Dunia inavuta pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo inalinganisha tungamo kwa tungamo. Mizani ya dijitali, pamoja na taa zake zote, bado inahisi kani kama springi yako, nayo inatakiwa kurekebishwa pale inapofanyia kazi.

Mwambie kijana kwamba wateja hawaibiwi na Newton. Wanaibiwa na mshale usiorudi sifuri, na springi iliyochoka kwa kutundikwa paja zima la ng'ombe kila asubuhi, na mfuko au sinia lisilotolewa kwenye hesabu, na kidole. Tundika jiwe la kilo 5 mbele ya wateja. Bandika stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo mahali inapoonekana. Maneno yataisha.

Na kama atarudi na la kilo imebadilishwa, hilo nalo ni kweli. Tangu tarehe 20 Mei 2019, kilo haitegemei tena ule mche wa platini na iridi uliofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Imefungwa kwenye namba ya asili inayoitwa kiwango kisobadilika cha Planck. Utumbo wa Majengo haujaongezeka wala kupungua kwa hilo.

SWALI: Mwalimu, mimi fundi magari, Kijenge, Arusha. Nina injini ya zamani ya Kijapani, kitabu chake kinasema bolti moja ikazwe 10.5 kgf·m. Spana yangu ya kupimia kukaza ina Nm upande mmoja na ft-lb upande wa pili. Vijana wangu wanabishana. Niweke ngapi?

JIBU: Fundi, weka 103 upande wa Nm, yaani nyutoni-mita. Ukipenda upande wa pili, ule wa ft-lb au futi-ratili, weka 76. Mambo yako yaendelee, maelezo soma jioni.

Wajapani wa enzi hizo walipima kani kwa uzito wa kilo, yaani ile kani ambayo dunia inavuta nayo kilo 1. Kwa makubaliano ya kimataifa ni nyutoni 9.80665. Kwa hiyo 10.5 kgf·m maana yake ni: chukua bomba la mita moja, lilaze sawasawa kwenye bolti, ning'iniza kilo 10 na nusu mwishoni. Zidisha 10.5 kwa 9.8, unapata 103. Spana yenye mpini wa sentimita 30 itakudai nyutoni 343 mkononi, kama kuinua kilo 35. Kijana anayezidisha kwa 10 akaweka 105 msimgombeze, hiyo ni tofauti ya asilimia 2.

Wa kumgombeza ni yule anayechukua 103 akaiweka upande wa ft-lb. Hapo bolti inakazwa kwa 140 Nm, zaidi ya theluthi juu ya inavyotakiwa. Bolti haitalia siku hiyo. Itarefuka kimyakimya, na siku ya kuifungua ndipo kichwa kitakubaki mkononi. Funikeni upande mmoja kwa selotepu, yaishe.

Na msijione mafundi wa uchochoroni. Mwaka 1999 chombo cha Wamarekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mars kwa ubishi wa aina hii. Programu moja ilitoa msukumo wa roketi kwa ratili-kani sekunde (ratili-kani ni kani ambayo dunia inavuta nayo ratili moja), wasimamizi wa njia wakausoma kama nyutoni-sekunde. Ratili-kani moja ni nyutoni 4.45. Chombo kilipita chini mno kwenye anga ya sayari, na hakikusikika tena.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina pampu ya kuzamisha, kibao kinasema HP 1. Kisima kina mita 30 na simtanki la lita 1,000 liko kwenye mnara wa mita 6. Nataka kujua inakula uniti ngapi, maana LUKU, mita yangu ya umeme wa kulipia kabla, inakimbia. (Mama mfugaji, Boma Ng'ombe)

JIBU: Marahaba, mama. HP 1, yaani nguvu ya farasi mmoja, ni wati 746, na hiyo ni kazi inayotoka kwenye mota. Umeme unaoingia ni zaidi, chukulia kilowati 1. Wati inakuambia umeme unaliwa upesi kiasi gani. Uniti ya LUKU inakuambia umeliwa kiasi gani kwa jumla: kilowati 1 ikikaa saa 1, ni uniti 1, sawa na jouli milioni 3.6, jouli ikiwa kizio cha nishati. Kwa hiyo pampu yako ikikaa saa nzima, uniti moja hivi imekwenda.

Lakini je, inapaswa kukaa saa nzima? Lita 1,000 ni kilo 1,000. Kuzipandisha mita 36 kunadai 1,000 mara 9.8 mara 36, karibu jouli 353,000. Hiyo ni sehemu moja ya kumi tu ya uniti. Pampu na mabomba hupoteza nyingi njiani, tuseme zaidi ya nusu, kwa hiyo robo uniti kwa tanki ni hesabu ya haki, na dakika kama 15 za kuwasha. Ikienda mpaka 25 bado sitasema kitu.

Fanya hivi kesho: zima vitu vingine vyote, soma mita, washa pampu tanki likiwa tupu, soma tena likijaa. Ukiona imekula uniti nzima, muite fundi aangalie valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani na viungio vya bomba, kabla hujaanza kuilalamikia LUKU.