Premio Inauzika, Atenza Inaendeshwa: Nichukue Ipi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Iringa, nimekusanya kama milioni 30 za gari, safari zangu kubwa ni Iringa–Dar karibu kila mwezi, mjini hapa natembea kidogo tu. Shemeji yangu ambaye ndo mjuzi wa magari kwenye ukoo kashikilia nichukue Toyota Premio, anasema siku ukikwama unapiga picha asubuhi jioni ishaondoka. Mi moyo uko kwa Mazda Atenza, niliwahi kuendesha ya rafiki yangu pale mlima Kitonga aisee, na Toyota Mark X nayo naiangalia kwa pembeni. Wife yuko upande wa shemeji. Naomba msaada ila usiniambie "inategemea", hiyo nimeshaambiwa sana.

JIBU: Haya, sisemi. Chukua Atenza, ya petroli, cc 2000. Sasa ngoja nieleze maana shemeji naye hajakosea.

Anachokijua shemeji ni kwamba huku kwetu gari ni akiba. Msiba ukitokea, ada zikibana, mtaji ukikata, kitu cha kwanza watu wanaangalia ni kadi ya gari. Na Premio kweli inatoka haraka, kila fundi anaijua, spea unazikuta mpaka huko Mafinga, tairi zake nyingi ni inchi 15 za bei ya kawaida, na Toyota waliacha kuitengeneza 2021 kwa hiyo ndo hizo hizo tunagombania. Ila kuna kitu watu wanakisahau, hiyo bei nzuri ya kuuzia na wewe unailipa siku ya kununua, yule anayekuuzia naye anajua inauzika. Ndo maana kwa hela inayokaribiana na ya Premio unapata Atenza ambayo ni gari kubwa zaidi na mara nyingi ina vitu vingi ndani.

Tupige hesabu, namba ni za mfano tu usiende nazo yadi. Tuseme zote mbili umenunua 30, baada ya miaka 5 Premio umeuza 22 na Atenza 16. Tofauti milioni 6, gawa kwa miezi 60 unapata laki moja kwa mwezi. Hapo ndo ujiulize, raha ya kuendesha hiyo Atenza kwako ina thamani ya laki kwa mwezi? Mtu wa Sinza–Posta huko Dar anayekaa foleni asubuhi na jioni ningemwambia hapana, kwenye foleni usukani mzuri haukusaidii kitu. Wewe unakaa kwenye kiti karibu kilomita 500 kwenda tu. Na kama una ile tabia ya kubadili gari kila baada ya mwaka basi futa yote haya msikilize shemeji, hasara ya kuuza mapema ndo inauma kuliko zote.

Halafu tuelewane, raha ninayosema sio mwendo. Barabara hiyo ina tochi za trafiki za kupima spidi, vijijini mwisho ni 50, hifadhi ya Mikumi kuna matuta na ukigonga mnyama unalipa faini, sasa utakimbilia wapi? Raha ni kwamba gari inashika kona bila kuyumba, ukitaka kuovateki semi pale mlimani unakanyaga na yenyewe inaitika, na unafika Dar mgongo bado wako. Atenza hizi za kuanzia 2012 zina giaboksi ya otomatiki ya gia 6, sio CVT (ile isiyo na gia za hatua), na miguu ya nyuma kila mmoja unacheza kivyake. Premio za kuanzia 2007 ni CVT, ukikanyaga injini inalia kwanza ndo gari inafuata, na nyuma mihimili imeunganishwa, ukiingia kona yenye mashimo unaisikia mwili mzima. Sio gari mbaya, ila yenyewe ni kama ugali wa shule, unashiba tu.

Mark X mi naipenda kuliko zote mbili, inasukuma kwa nyuma, injini ya V6 (silinda sita), sauti tamu, ila kwa milioni 30 utaangukia ya zamani halafu uanze kulisha mafuta. Ile ya 2500 ukipata kilomita 8 au 9 kwa lita mjini shukuru. Pia injini ikivuka cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 kwenda 10, kwa hiyo hata Atenza ya 2500 iache kama unaagiza mwenyewe Japani. Na umri uangalie, miaka 8 kwenda juu unaongezewa kodi ya uchakavu.

Usichukue Atenza ya dizeli. Najua utaziona, zina nguvu balaa, lakini zina chujio la masizi kwenye eksozi linalotaka safari ndefu ili lijisafishe, wewe utafanya Dar mara moja halafu wiki tatu unaenda sokoni na kurudi, litaziba. Pia kimbia zile za rimu za inchi 19, tafuta za 17, bei ya tairi nne za 19 utatukana mtu. Na ukubali kabisa kwamba spea nyingi utaagiza Dar zije na basi, gari ikae gereji siku mbili tatu.

Kuhusu wife, anachoogopa sio Mazda, anaogopa siku ya shida mtashindwa kuuza haraka. Basi usimalize milioni 30 zote, nunua ya 26 au 27, inayobaki iweke benki kwa jina lake, ongea naye hivyo uone.

SWALI: Nina Toyota Allion ya 2008, namba C. Jirani ana ya 2005 lakini namba E, kauza ghali kuliko nilivyoahidiwa mimi. Dalali ananiibia? — Dada wa Mwanza

JIBU: Inawezekana anakuibia dada ila sio kwa hilo. Wanunuzi wengi wanasoma herufi ya namba, inayoonyesha gari ilisajiliwa lini nchini, kabla ya mwaka wa kutengenezwa, wanahesabu gari imepigika barabara za kwetu muda gani, ya jirani imeingia juzi tu. Wewe toa risiti zako za sevisi, muonyeshe mnunuzi moja kwa moja, dalali akae pembeni.