Kihisi cha Mgandamizo kwa Kitambaa cha Pamba na Mkaa wa Vifuu

Anayetaka kutengeneza kihisi cha mgandamizo kinachopindika, kwa vitu vya asili, ninamshauri ashughulikie mkaa kwanza, kabla ya kufikiria nyaya au programu. Kanuni yake ni ileile ya maikrofoni ya kaboni aliyoibuni Thomas Edison mwaka 1877: chembe za kaboni zikibanwa hugusana kwa wingi zaidi, na ukinzani wa umeme hushuka. Edison alitumia masizi ya taa. Mimi hutumia mkaa wa vifuu vya nazi.

Mkaa wa kupikia, hata ukiwa mweusi tii, kwa kawaida haupitishi umeme wa kutosha, kwa sababu joto la nyuzi 400 au 500 za Selsiasi lililouchoma halitoshi kuziunganisha atomi za kaboni katika tabaka ndefu. Mkaa huo lazima uchomwe tena hadi nyuzi 800 au zaidi. Mimi huuweka ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko uliobana na tundu dogo la kutolea gesi, kisha hulipeleka kwenye jiko la mhunzi mpaka lipate rangi ya machungwa. Lisifunguliwe kabla ya kupoa kabisa, maana mkaa wenye moto ukikutana na hewa utageuka jivu. Gusisha ncha mbili za multimita (kifaa cha kupimia umeme), ikiwa imewekwa kupima ukinzani, kwenye kipande kimoja. Isiposoma chochote, usijisumbue kukisaga.

Unga wake uliochekechwa (vaa barakoa) huchanganywa na gundi nyepesi ya wanga wa muhogo yenye matone machache ya gliserini, ili ikikauka isipasuke. Ninapendelea kanga kuukuu, kwa kuwa imefuliwa hadi ikapoteza wanga wa kiwandani na hunywa mchanganyiko vizuri. Vipande viwili au vitatu vilivyochovywa na kukaushwa hupangwa baina ya karatasi mbili nyembamba za shaba.

Katika saketi, unganisha kihisi na rezista moja (kijenzi chenye ukinzani usiobadilika) mfululizo. Thamani yake nzuri ni kipeuo cha pili cha zao la ukinzani mkubwa na mdogo wa kihisi: kikicheza kati ya omu (kipimo cha ukinzani) 100,000 na 1,000, tumia rezista ya omu 10,000.

Adui mkubwa, hasa kwetu pwani, ni unyevu. Pamba na wanga huufyonza kutoka hewani, na usomaji wa asubuhi ya masika hautalingana na wa mchana wa kiangazi. Kifunike kihisi chote kwa kitambaa kilichopakwa nta ya nyuki, kishone kingo zake na kuzipaka nta tena, kisha ndipo ukilinganishe na uzito unaoujua. Chupa ya maji ya nusu lita juu ya eneo la sentimita 5 kwa 5 hutoa mgandamizo wa takribani paskali 2,000. Andika usomaji unapoongeza chupa na unapozipunguza, kwa maana namba za kurudi hazifanani na za kwenda, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama kihisi chako kinaweza kupima uzito au kinafaa tu kutambua kwamba mtu ameketi kitini.