Swali la lugha: Vina vya neno "upendo"

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninatunga shairi linaloanza na kipande "Nimekuja kwa upendo". Nimepata "vitendo" na "mwendo", kisha nimekwama. Nimepekua kamusi bila mafanikio. Je, "upendo" ni neno lenye vina vichache? Na nikiweka "urembo" mahali pa kina, nitakuwa nimekosea?

Jibu: Marahaba. Neno lako lina vina vingi kuliko unavyodhani. Umekwama kwa sababu unatafuta maneno yanayoishia na -endo, na hali arudhi, yaani kanuni za utunzi wa ushairi wetu, inadai silabi ya mwisho tu. Kina cha "upendo" ni -ndo. Irabu inayotangulia silabi hiyo inaweza kuwa yoyote, na kwa kuwa irabu zetu ni tano, una malango matano ya kuingilia, nawe umesimama kwenye moja.

Yapitie kwa zamu. Kwenye -ando utakuta kando, jando, utando, mgando na gando la kaa. Kwenye -endo, mbali na hayo uliyoyapata, yupo mwenendo. Kwenye -indo kuna mtindo, kishindo, pindo, lindo na windo. Kwenye -ondo kuna mkondo, uhondo, msondo, na mtondo, yaani siku inayofuata kesho kutwa. Kwenye -undo ndiko kwenye utajiri hasa: fundo, nyundo, muundo, mdundo, rundo, uvundo. Hapo sijagusa wingi wa maneno hayo.

Kamusi haikukusaidia kwa sababu imepangwa kwa mwanzo wa neno, na kina kiko mwishoni. Ukiwa na kamusi ya kwenye kompyuta inayokubali kutafuta kwa herufi za mwisho, kazi ni nyepesi. Usipokuwa nayo, tumia njia ninayoipenda zaidi, kwa sababu inakufundisha lugha huku ikikupa vina: anza na vitenzi. Kiswahili huunda nomino nyingi kwa kubadilisha -a ya mwisho wa kitenzi kuwa -o. Kwa hiyo kila kitenzi kinachoishia na -nda kiulize kama kina nomino ya -ndo. Penda ana upendo, tenda ana kitendo, unda ana muundo, vunda ana uvundo, ganda ana mgando, tanda ana utando, winda ana windo, dunda ana mdundo. Si kila kitenzi kitakubali. Shinda anakupa ushindi, na hapo huna kina. Usilazimishe neno ambalo wasemaji hawalijui.

Jihadhari pia na vina vya mzizi mmoja. Upendo, pendo na mapendo ni maneno matatu kwenye karatasi, ila sikioni ni neno moja linalorudi. Vivyo hivyo kitendo na vitendo. Mshairi anayejaza ubeti kwa njia hiyo hajavunja sheria ya silabi, lakini msikilizaji anabaini kwamba hakupewa kitu kipya.

Tuuendeleze mwanzo wako, kwa mizani nane, yaani silabi nane, kila kipande:

Nimekuja kwa upendo, moyo wangu upokee,
Si maneno ni vitendo, mwenyewe ujionee,
Siji kwako kwa kishindo, wenye wivu wasikie,
Tufungue hili fundo, nia zetu zielee.

Vina vya kati ni -ndo, vya mwisho ni -e. Tazama mshororo wa nne. Katika mazungumzo wengi wangesema "fundo hili". Nimetanguliza "hili" ili "fundo" liangukie mwisho wa kipande. Kiswahili kinaruhusu hivyo bila kuumia, na mara nyingi hiyo ndiyo dawa ya mtunzi aliyekwama: neno lenye kina analo tayari, ila limekaa katikati ya kipande. Kabla ya kusaka neno jingine, jaribu kupanga upya uliyo nayo.

Sasa sikiliza tofauti iliyomo ndani ya ubeti huo. Mkazo wa Kiswahili huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "upendo" sauti inapanda kwenye -pe-, na katika "vitendo" inapanda kwenye -te-. Irabu yenye mkazo ni ileile, na ndiyo maana maneno hayo mawili yanashikana sana. "Upendo" na "fundo" ni vina kamili kwa sheria, lakini mkazo umeangukia irabu tofauti, kwa hiyo mwafaka wake ni mwepesi kidogo. Mimi hupenda kuweka vina vizito kwenye mishororo ya mwanzo, sikio likishazoea -ndo, vile vyepesi vinapokelewa bila shida. Hilo ni pendekezo langu, arudhi haikudai.

Nije kwenye "urembo". Ukiwa unatunga shairi la arudhi, jibu ni ndiyo, utakuwa umekosea. Silabi ya mwisho ni -mbo, si -ndo, na mhakiki ataliita shairi lako guni, yaani lenye kasoro ya vina au mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliufanya urari wa vina na mizani kuwa sharti la utunzi, na washairi wengi wa mkondo huo bado wanasimama hapo. Nami naona ni vizuri mwanafunzi aanzie hapo, maana sharti hilo linamlazimisha kuitafuta lugha yake hadi pembeni.

Lakini kama unaandika wimbo, au shairi lisilofungwa na arudhi, "urembo" ni chaguo zuri, na sababu yake inaeleweka. Irabu zinalingana: e yenye mkazo, kisha o. Halafu konsonanti zenyewe ni ndugu. Nd, mb na ng zote zinaanza na sauti ya puani na kuishia na kipasuo ghuna, yaani sauti inayotoka kwa kuzuia hewa na kuiachia ghafla, huku nyuzi za sauti zikitetema. Kinachobadilika ni mahali zinapotamkiwa tu: ufizi, midomo, kaakaa laini. Kwa hiyo "urembo", "lengo", "pengo" na "jengo" yanaikaribia "upendo" sana.

Linganisha na "bado". Kwa macho linaonekana karibu zaidi, kwa kuwa lina d na o. Kwa sikio limepungukiwa na sauti ya puani, na irabu yenye mkazo ni a. Kwangu mimi "bado" liko mbali na "upendo" kuliko "urembo", ingawa kwenye maandishi mtu angedhani kinyume. "Ndoto" liko mbali zaidi. Limebaki na o peke yake. Kina cha karibu kipimwe kwa kutamka, tena kwa sauti, si kwa kuhesabu herufi zinazofanana.

Iko pia "ndo", ile "ndio" iliyofupishwa katika mazungumzo: "wewe ndo". Kwenye wimbo wa leo itapita vizuri. Kwenye shairi la arudhi iache, usomaji wake unayumba.

Na ukiona -ndo imekuchosha, neno "upendo" si lazima likae mwishoni. Lirudishe ndani ya kipande, au tumia mwenzake. "Mapenzi" analeta mwenzi, enzi, simanzi na kitanzi. "Huba" analeta haiba, tiba, msiba.

Kwa "urembo" wako, basi, wimbo unaweza kwenda hivi:

Nimekuja kwa upendo,
Sikufuata urembo.

Vipande vyote viwili vina mizani nane. Ukitaka kuvipeleka kwenye shairi la arudhi, badilisha neno moja tu: "Sikufuata mtindo". Mizani inabaki nane, kwa kuwa m ya "mtindo" ni silabi kamili na inahesabiwa peke yake.